Muziki ulioishi baada ya mchezo kufa

MCHEZO wa kompyuta wa Final Fantasy XIV, unaochezwa na maelfu ya watu kwa pamoja kupitia intaneti, ulipoingia sokoni Septemba 30, 2010, uliwachosha wengi. Menyu zilichelewa kufunguka, mandhari zilijirudia, na aliyecheza kwa saa nyingi alipunguziwa alama.

Desemba mwaka huo, kampuni ya Square Enix ya Japani iliwaomba radhi wateja, ikaahirisha kutoza ada ya kila mwezi na kumkabidhi Naoki Yoshida jukumu la kuukarabati.

Hata hivyo, muziki wa Nobuo Uematsu haukuwa na kasoro hizo. Sababu iko wazi: hitilafu za mchezo humkwaza mchezaji anapotaka kutenda jambo, lakini muziki haumtaki atende lolote. Aliyekwama akisubiri menyu aliendelea kuburudika kwa kusikiliza.

Lakini muziki pekee haukutosha kuuokoa mchezo. Novemba 2012 mitambo yake ilizimwa. Wachezaji waliagwa kwa filamu fupi iliyoonyesha dunia yao ikiteketezwa na joka Bahamut, huku ukisikika wimbo wa Uematsu, "Answers", ulioimbwa na Susan Calloway.

Agosti 27, 2013 mchezo ulirejea ukiwa umeundwa upya. Mwaka 2014, wachezaji walipopambana na Bahamut, wimbo uliopigwa ulikuwa ule ule. Kwa waliovumilia tangu 2010, dunia yao ya kwanza ilikuwa imebaki humo.