Kabla ya kununua mche, nenda ukauone mti wenyewe

Masika yakikaribia, miche huanza kuuzwa kando ya barabara, kutoka Bunju hadi Bagamoyo na kuendelea Msata. Muuzaji atakwambia huu ni mtiki, huu unakua haraka, ule ni dawa. Lakini mche wenyewe una urefu wa kiganja. Hauwezi kukuonyesha kivuli chake kitakuwaje baada ya miaka 30, wala kama mizizi itafika kwenye msingi wa nyumba, wala kama mbegu zake zitabaki kwako au zitahamia kwa jirani.

Majibu hayo unaweza kuyaona kwa macho kwenye bustani za mimea. Bustani hizo si za maua ya kupigia picha za harusi tu. Ni mahali ambapo miti ya kutoka nchi mbalimbali ilipandwa kwa majaribio, ikaandikwa majina, ikaachwa ikue ili watu waone tabia zake. Mingi tunayoilima leo ilianzia kwenye majaribio ya aina hiyo.

Kwa msikilizaji wa Mbegani au Kaole, pa kuanzia si mbali. Viwanja vya misheni ya Kikatoliki mjini Bagamoyo si bustani ya serikali, ila wamisionari waliofika hapo mwaka 1868 walikuwa wapandaji miti wakubwa, na njia ya kuingilia bado ina miembe mikubwa pande zote mbili. Hapo pana mbuyu unaotajwa kupandwa mwaka huohuo wa 1868. Wengi wetu tukiona mbuyu mnene tunasema una miaka 500. Huu una mwaka wake wa kupandwa, kwa hiyo unaweza kusimama chini yake ukajua mbuyu wa miaka mia moja na nusu unafikia unene gani. Mwongozaji atakuonyesha pia mnyororo uliomezwa na shina. Inasimuliwa kuwa mama mmoja wa Kizungu alifungia punda wake hapo, kisha akausahau.

Dar es Salaam kuna Bustani ya Mimea, karibu na Makumbusho ya Taifa. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 kujaribia mazao ya biashara. Imemegwa sana na majengo na unaweza kuimaliza kwa nusu saa, lakini ina aina nyingi za michikichi na minazi, na kuingia hapo ukiwa mjini kwa shughuli zako hakuhitaji maandalizi.

Yenye mambo mengi zaidi ni Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 kama kituo cha utafiti wa kilimo, na eneo la majaribio lilifika karibu hekta 300, kutoka bonde la joto la Sigi hadi juu kwenye baridi. Walijaribu kahawa, mipira, viungo, na mkwinini ambao magome yake hutoa dawa ya malaria. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga njia za meli, kwinini ya askari wa Kijerumani ilitengenezwa hapo.

Kuna mti mmoja wa enzi hizo ambao pengine umeshaula. Kwetu Pwani kuna kisamvu cha kawaida na kuna kisamvu cha mpira. Mpira huo ni ndugu wa muhogo, mti uliotoka Brazili. Wajerumani waliupanda kwa wingi ukanda huu kwa ajili ya utomvu. Mwaka 1913 bei ya mpira ilianguka kwa sababu ya mashamba mapya ya Asia, na walowezi wakaacha mashamba. Miti ikabaki, na watu wakaanza kuchuma majani.

Baada ya Waingereza kushika kituo cha Amani, mihogo ya Afrika Mashariki ilikuwa inashambuliwa na batobato na michirizi ya kahawia. Miaka ya 1930 watafiti wa Amani waligundua kuwa ule mpira ulioachwa unastahimili magonjwa hayo. Wakauchanganya na muhogo. Uzao wa kwanza haukuwa na mizizi ya kulika, hivyo wakaurudisha kwa muhogo tena na tena hadi wakapata mizizi ya maana. Muhogo unaoitwa Namikonga kusini mwa Tanzania na Kaleso kwenye pwani ya Kenya ni uzao wa kazi hiyo. Mbegu nyingine zilipelekwa Nigeria miaka ya 1950, na kutokana nazo wakapata mzazi wa mihogo mingi inayostahimili batobato barani Afrika. Kama mtu angeng'oa mipira yote kwa kuwa haina soko, kazi hiyo isingewezekana.

Upande wa pili wa hadithi nao uko palepale Amani. Muhesi ni mti wa kwetu Tanzania, lakini wa upande wa Kagera. Uliletwa Usambara kwa sababu unakua upesi na unatoa mbao. Hondohondo wakapenda matunda yake, wakasambaza mbegu, na leo umeenea ndani ya msitu wa asili kila palipokatwa miti. Huku kwetu, mwarobaini, mti wa kutoka Asia ambao karibu kila nyumba inao, umejipenyeza ndani ya Hifadhi ya Taifa Saadani, ukisambazwa na ndege na wanyama wanaokula matunda yake. Sisemi ukate mwarobaini wako. Nasema mti mzuri uani unaweza kuwa gugu maporini, na hilo huwezi kuliona kwenye mche wa kiganja.

Ukitaka kwenda Amani kutoka Bagamoyo, panda gari hadi Msata, hapo chukua basi la Tanga, ushuke Muheza. Kutoka Muheza kuna magari ya kupanda mlimani. Barabara ni ya kona nyingi na wakati wa masika huteleza, hivyo Juni hadi Septemba ni afadhali, na beba sweta. Tangu 1997 eneo hilo ni hifadhi ya mazingira asilia, lina kiingilio, na raia hulipa kidogo kuliko wageni. Chukua kitambulisho, na dai risiti.

Mwombe mwongozaji akupeleke kwenye mti unaotaka kuupanda, ukiwa umekomaa. Angalia chini yake: je, majani mengine yanaota? Kuna miche yake iliyojiotea, na imefika umbali gani? Muulize unataka mvua kiasi gani, maana Amani hupata mvua nyingi kuliko Mbegani, na kinachostawi kule kinaweza kukauka kwenye mchanga wetu.

Usichukue mbegu wala kipandikizi mfukoni, hata kikiwa kimeanguka chini. Ni kosa, na ndivyo magonjwa na magugu yanavyosafiri. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, huuza mbegu za miti kupitia kituo chake cha Morogoro. Ofisi ya misitu ya wilaya yako itakuelekeza jinsi ya kuagiza, na kwa pando za muhogo muone afisa ugani wa kata.