Chumba cha Laki na Ishirini

Dalali wa Dar es Salaam akikutajia chumba anakutajia namba moja tu. Hiki laki na ishirini, kile laki mbili. Kijana aliyemaliza chuo juzi, au aliyeshuka stendi ya Magufuli na begi lake akitokea Singida, anaishika namba hiyo na kuamua nayo maisha ya mwaka mzima. Mimi nasema kodi ya chumba haikuambii kuishi humo kutakugharimu kiasi gani. Vyumba viwili vinavyopishana shilingi 80,000 kwa mwezi vinaweza kukutoa pesa karibu sawa, na kimoja kikakunyima usingizi juu yake.

Nimepanga Goba na nimepanga Sinza, kwa hiyo nitalinganisha hizo mbili. Bei ninazotumia ni za mfano, zinafanana na zile madalali wanazotaja. Wewe weka za kwako, hesabu ni ileile. Tuseme chumba cha Sinza, chenye choo ndani, ni 200,000. Cha Goba, ukubwa uleule na choo chake, ni 120,000. Kazi iko Kariakoo, siku sita kwa wiki, yaani siku 26 kwa mwezi.

Kutoka Sinza unapanda daladala moja. Nikiweka nauli ya 600, kwenda na kurudi ni 1,200, kwa mwezi 31,200. Kutoka Goba kuna magari mawili. Weka 700 la kwanza na 600 la pili, siku inakula 2,600. Halafu kuna bodaboda. Goba si barabara ya lami peke yake. Vyumba vya laki na ishirini viko ndani, baada ya korongo na kilima, na saa tatu usiku msichana hatembei peke yake njia ile. Asubuhi utashuka kwa miguu, jioni utatoa 1,000. Sasa siku imefika 3,600, na mwezi 93,600. Kati ya ile 80,000 uliyookoa kwenye kodi, nauli imeshachukua 62,400. Zimebaki 17,600. Ikija masika njia ikawa tope, ukapanda boda na asubuhi pia, hata hizo hazipo.

Watu wengi huishia hapo wanapopiga hesabu. Kuna kitu ambacho dalali hakigusi kabisa, na wapangaji wengi hawakiulizi mpaka wameshahamia: mita ya umeme.

Kwa bei ambazo EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ilizipitisha na watu wakazizoea, mteja mdogo wa shirika la umeme, TANESCO, yuko kwenye kundi la D1, ambako uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja. Mteja wa kawaida yuko T1, uniti 292. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, uniti ya D1 inakuwa 122 na ya T1 inakuwa 356 na senti. Ndiyo maana mmoja anaweka 5,000 anapata karibu uniti 41, na jirani yake wa nyumba ya pili anaweka 5,000 ileile anapata 14. Watu hudhani mita ya mmoja wao imechakachuliwa. Hapana, wako makundi tofauti.

Sasa fikiria nyumba ya vyumba sita yenye mita moja. Kila mpangaji ni mtu mdogo: taa, simu, feni, redio, labda friji ndogo. Peke yake angetumia uniti 40 na angefaa kabisa kuwa D1. Wakiwekwa sita kwenye mita moja wanafika uniti 240, na mbele ya TANESCO nyumba hiyo ni mteja mkubwa. Kila mmoja analipia matumizi yake madogo kwa bei ya mkubwa. Uniti 40 kwa D1 ni 4,880. Kwa T1 ni 14,240. Tofauti ni 9,360 kila mwezi, zaidi ya laki moja kwa mwaka, na hujawasha kitu cha ziada. Nafuu iliyowekwa kwa ajili ya mtu wa kipato cha chini inampita kwa sababu tu amepanga chumba kimoja. Jambo hili linanichoma kuliko ughali wa umeme wenyewe.

Juu ya hapo kuna kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda mwaka 2023 kuwa 1,500. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kwa hiyo kwenye mita ya pamoja, aliyenunua tarehe 1 kwa 5,000 anapata uniti 9.8, na aliyesubiri mpaka tarehe 2 anapata 14 kwa pesa hiyohiyo. Nimekaa nyumba ambayo uniti zikiisha usiku wa kuamkia tarehe 1 watu wote wanalala gizani kimya, kila mmoja anasubiri mwenzake aingize. Na kodi yenyewe ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Mwenye nyumba mwelewa ataikubali ukimwonesha meseji ya LUKU, maana makato yameandikwa pale pale chini ya zile namba 20 za umeme. Akikataa, angalau mjue mnagawana vipi.

Mita inaamua hata utakula nini. Vyumba vingi vya mita ya pamoja vina sheria: hakuna pasi wakati wowote unaotaka, hakuna hita, hakuna jiko la umeme. Matokeo yake unabaki na gesi au mkaa. Ukiwa na mita yako, presha kuka ya umeme ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima bila kukata imekula uniti moja, na haiwaki saa nzima, maana joto likifika inajizima na kuwaka kwa vipindi. Sufuria ya maharage haimalizi uniti. Hata kwa bei ya T1 hiyo ni chini ya 356. Kwa D1 ni chini ya 122. Maharage hayohayo kwenye mkaa wa kopo, yakichemka saa mbili tatu, yatakula zaidi ya hapo kabla hujaweka nazi.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mijini naona mtungi wa gesi wa kilo 6 umefanya kazi kubwa, na kwa mtu mmoja ni chaguo zuri. Kwetu mtungi huo ukijazwa kwa 24,000, kilo moja ni 4,000. Wa kilo 15 kwa 56,000, kilo ni kama 3,730. Tofauti ipo, ila si ya kukufanya ukope ununue mkubwa. Cha maana ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chake. Muuzaji anatakiwa awe na mizani dukani, na wewe una haki ya kuona ukipimwa kabla hujalipa. Ongeza 6 kwenye namba iliyoandikwa, ndiyo namba unayotakiwa kuisoma. Ikipungua nusu kilo, umelipa 2,000 kwa hewa.

Kuhusu chakula sitakaa sana. Kupika kwa mtu mmoja kunalipa ukipika vitu vya sufuria moja vinavyokaa siku mbili: maharage, nyama ya rosti, mchuzi wa dagaa. Ukipika kila siku kwa fungu la nyanya la 500 na mafuta ya kupimiwa, unamkaribia mama ntilie kwa bei na umepoteza jioni yako. Mimi mchana nakula kwa mama ntilie wa karibu na kazini, usiku napika.

Maji nayo yaulizie, hasa pande za juu. Uniti moja ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Mwenye nyumba akikuuzia ndoo kwa 100, lita 1,000 umezilipia 5,000. Mtu wa mkokoteni akikuletea dumu kwa 300, zimekuwa 15,000. Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua na DAWASA wakatangaza mgao, aliyekuwa na simtanki uani aliona tofauti na asiyekuwa nalo. Chumba kikiwa na tanki la nyumba, hilo lina thamani ya pesa.

Turudi kwenye vyumba vyetu viwili. Baada ya nauli, Goba ilikuwa inaokoa 17,600. Toa ile 9,360 ya mita ya pamoja, kama Sinza umepata mita yako ya D1, zinabaki 8,240. Halafu mpe dalali ujira wake. Huyu anachukua kodi ya mwezi mmoja: 200,000 Sinza, 120,000 Goba. Ukikaa mwaka mzima, tofauti hiyo ya 80,000 ni kama 6,670 kwa mwezi kwa faida ya Goba. Jumla Goba imekuokolea takriban 14,900 kwa mwezi. Kwa hizo umetoa saa moja na nusu ya ziada barabarani kila siku ya kazi, yaani saa 39 kwa mwezi. Umeuza kila saa yako kwa chini ya shilingi 400. Hakuna kijana ninayemfahamu ambaye angekubali kazi ya mshahara huo, ila wengi tunaifanya tumesimama, mkono mmoja juu kwenye bomba la daladala.

Mbona basi watu wanajaa Goba, Chanika na Mbagala ndani? Si kwamba hawajui hesabu. Wanazuiwa na pesa ya kuanzia. Kodi ya miezi sita ya Sinza ni 1,200,000, na dalali 200,000: unatakiwa uweke mezani 1,400,000 kabla hujanunua hata godoro. Goba ni 840,000. Pengo la 560,000 kwa mkupuo ndilo linalomsukuma kijana kwenda mbali, halafu atalilipa kidogo kidogo kwa kondakta na kwa bodaboda, mwaka hadi mwaka, bila kulimaliza. Mfumo huu wa kodi ya miezi sita unamtoza zaidi yule asiye na akiba, na sioni sababu ya sisi vijana kuuzoea kama mvua.

Kuna njia tatu ambazo nimeona zinafanya kazi. Ya kwanza ni kujadiliana miezi mitatu mitatu. Mwenye nyumba anayeogopa msumbufu atakubali haraka ukija umeletwa na mpangaji wake wa zamani, na hapo unaweza kumkwepa dalali pia. Hata akiongeza 10,000 kwenye kodi kwa masharti hayo, mara nyingi bado unafaidi. Ya pili ni kushea. Chumba na sebule cha 300,000 mkiwa wawili ni 150,000 kila mmoja, na cha kuanzia, pamoja na dalali, ni 1,050,000 badala ya 1,400,000. Majina yote mawili yaandikwe kwenye mkataba, na mkubaliane mapema ikiwa mmoja atakosa kazi au ataoa. Ya tatu ni mchezo: watu wa kazini mnachangishana, zamu yako inaangukia mwezi wa kodi. Usikope kodi kwenye simu kwa wakopeshaji wa riba kali, hao wa “kausha damu”. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na riba ya siku chache inaweza kumeza mwezi mzima wa kodi uliyoikopea.

Goba yenyewe sina ugomvi nayo. Fundi cherehani anayeshonea nyumbani, anayeuza vitu mtandaoni na kusafirisha kwa boda, au mwenye kazi Mbezi au Madale, huyo hana saa 39 za kupoteza na sehemu kubwa ya ile 80,000 inabaki mfukoni. Anapata na hewa, na uwanja wa kuanika nguo. Mimi mwenye kazi Kariakoo ningelipa Sinza, au Magomeni, au Manzese ambako mwendokasi uko mlangoni na kodi ni nafuu kuliko Sinza, na ningebana kwingine.

Kabla hujatoa hata shilingi ya kodi, omba namba ya mita ya nyumba hiyo na uinunulie umeme wa 2,000. Meseji ikirudi na uniti 16, uko D1. Ikirudi na 5.6, uko T1. Ikirudi na uniti moja na kidogo, uko T1, na kodi ya jengo ya mwezi huo ilikuwa haijalipwa na umeilipa wewe. Manunuzi yakikataa kabisa, huenda kuna deni la nyuma. Mwoneshe mwenye nyumba meseji hiyo, kisha ndiyo muanze kuzungumza bei.