Kutambua Asili ya Fimbo za Mashine za Michezo

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine za michezo ya video zilizoendeshwa kwa sarafu zilienea upesi katika miji ya Japani, Marekani na Ulaya. Kwa kawaida mashine hiyo ilikuwa kabati lenye kioo cha televisheni, na chini ya kioo palikuwa na vifungo vya kubonyeza pamoja na fimbo fupi ya kuongozea. Nyingi zimekwisha kuvunjwa. Zilizosalia zimo mikononi mwa wakusanyaji na katika makumbusho, kama ile ya Strong iliyoko Rochester, jimbo la New York, nchini Marekani.

Sehemu iliyochakaa haraka katika mashine hizo ni fimbo, kwa kuwa ndiyo iliyovutwa na kusukumwa na wachezaji wasiohesabika. Kwa sababu hiyo fimbo nyingi zilibadilishwa zamani, na aghalabu kwa chochote kilichopatikana dukani. Fundi anayefungua kabati leo hana budi kujiuliza: Je, fimbo hii ndiyo ya asili? Iliundwa na nani? Swali hili si dogo. Fimbo isiyostahili huubadili mchezo wenyewe, na kizazi kitakachoucheza baadaye kitajifunza habari isiyo ya kweli juu ya kazi ya wabunifu wake.

Wengi hutafuta jibu kwa kusoma jina lililopigwa chapa juu ya kipuri. Njia hiyo ni fupi lakini hupotosha. Mwanabotania hautambui mti kwa kibao kilichotundikwa shinani. Hutazama kwanza jani, ua na tunda. Vivyo hivyo katika vipuri, jina lapasa kusomwa mwisho.

Sikio kama chombo cha uchunguzi

Fimbo ya kuongozea ni wenzo. Katika miundo mingi egemeo liko kati ya ncha mbili, hivyo mchezaji anapoisukuma ncha ya juu kuelekea kulia, ncha ya chini huelekea kushoto na kuifunga swichi iliyoko upande huo. Swichi hizo ni za aina mbili kuu.

Aina ya kwanza ina vibamba viwili vyembamba vya chuma vinavyonesa, kila kimoja kikiwa na kidoto cha mguso. Fimbo ikikisukuma kibamba kimoja hadi kikamgusa mwenziwe, umeme hupita. Kazi hiyo hufanyika kimya. Swichi za namna hii zilikuwa zikitumika tangu zamani katika mitambo ya simu na katika meza za michezo ya gololi zilizoundwa Chicago.

Aina ya pili ni maikroswichi, iliyovumbuliwa na Peter McGall mwaka 1932 katika mji wa Freeport, jimbo la Illinois. Ndani ya kijisanduku chake mna springi bapa iliyokazwa. Kitufe kikibonyezwa kidogo tu, springi hupita kikomo cha uthabiti wake na kuruka ghafla upande wa pili, huku ikitoa mlio mdogo mkavu. Mruko huo huzifunga na kuzifungua ncha za mguso upesi, hivyo cheche haipati nafasi ya kudumu.

Basi kabla ya kulegeza skrubu hata moja, mchunguzi aisogeze fimbo na kusikiliza. Mashine nyingi za Kimarekani za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa na vibamba. Mlio wa maikroswichi ndani ya kabati ambalo awali lilikuwa na vibamba ni dalili ya kwanza kwamba mtu mwingine amekwisha kupita hapo.

Hesabu inayodanganya

Mwanafunzi anaweza kudhani kwamba fimbo ya pande nane ina swichi nane. Kwa kawaida zimo nne tu. Mwelekeo wa mshazari hupatikana pale swichi mbili zinapofungwa pamoja, kwa mfano ya juu na ya kulia. Kwa hiyo fimbo ya pande nne na ya pande nane zaweza kuwa na swichi sawa kabisa. Kinachozitofautisha ni bamba lenye tundu linaloweka mipaka ya mwendo: moja huizuia fimbo isifike pembeni, nyingine huiachia.

Tofauti hii ndogo ina matokeo makubwa. Pac-Man, mchezo uliotolewa na Namco ya Japani mwaka 1980, huchezwa ndani ya njia zinazokatana kwa pembemraba, na fimbo yake ni ya pande nne. Ikiwekwa ya pande nane, mkono ukipotoka kidogo swichi mbili hufungwa pamoja, na mchezaji hukosa kona. Mtu asiyejua husema mchezo ni mbovu, kumbe bamba ndilo lisilo lake.

Mfano mwingine ni Q*bert, mchezo wa kampuni ya Gottlieb wa mwaka 1982. Fimbo yake ni ya pande nne, lakini imefungwa ikiwa imezungushwa nyuzi 45, kwa kuwa mhusika wake huruka kimshazari juu ya piramidi ya miche. Fundi akidhani imefungwa kombo na akainyosha, atakuwa ameharibu kitu kilichokuwa sahihi.

Ushahidi wa kipimo

Baada ya sikio na macho, ifuatie kalipa ya vernia. Viwanda vya Japani vilitumia milimita, na vya Marekani vilitumia inchi. Fimbo ya Kijapani ya Sanwa, kwa mfano, hubeba tufe lenye kipenyo cha milimita 35, linalofungwa kwa uzi wa skrubu wa milimita 6. Hatua ya uzi huo ni milimita 1, yaani mizunguko 10 huchukua milimita 10. Bolti ya kawaida ya Kimarekani ya robo inchi ina kipenyo cha milimita 6.35, na mizunguko yake 10 huchukua milimita 12.7. Jicho huweza kuzichanganya, kalipa haiwezi.

Hata hivyo, kipimo huonyesha utaratibu wa vipimo uliofuatwa, na hakitoshi kuthibitisha kiwanda. Aidha, ipimwe sehemu iliyochongwa katika fimbo yenyewe, maana bolti za kufungia hupotea na kubadilishwa.

Thamani ya jina

Sasa jina lisomwe, na swali la kuliuliza ni hili: ni jina la nani? Cherry na Omron ni majina yanayoonekana mara kwa mara juu ya maikroswichi. Yanamtaja aliyeunda swichi, ambayo iliuzwa kwa viwanda vingi; hayamtaji aliyeunda fimbo. Wico, ya Niles karibu na Chicago, iliviuzia viwanda vya mashine fimbo, na papo hapo ikawauzia mafundi vipuri vya kubadilisha. Jina lake peke yake halithibitishi kuwa fimbo ni ya asili. Nayo Happ ya Illinois iliuza fimbo zilizoundwa na Industrias Lorenzo ya Hispania, kisha uundaji ukahamishiwa China. Kipuri kimoja chaweza kubeba jina la muundaji wa swichi, jina la muuzaji, au kisiwe na jina lolote la aliyekiunda.

Kwa hiyo jina ni shahidi mmoja miongoni mwa wengi. Likikubaliana na mlio, bamba na kipimo, latiwa nguvu. Likipingana navyo, vitu vyenyewe ndivyo vya kuaminiwa.

Zoezi kwa shule

Walimu wa fizikia wanaweza kulifanya somo hili bila mashine ya michezo. Yachukuliwe maikroswichi mawili au matatu mapya au yaliyokwisha kutolewa katika vyombo vibovu, pamoja na betri ya tochi, balbu na nyaya. Majina na alama zote zifunikwe kwa karatasi. Wanafunzi watafute kwa balbu ni miguu ipi hupitisha umeme kabla ya kubonyeza na ipi baada ya kubonyeza, wapime urefu na upana, wachore walichokiona, kisha waandike uamuzi wao. Karatasi iondolewe mwisho. Wale watakaokuta alama zinapingana na vipimo vyao wapime tena kabla ya kufuta walichoandika.