Pambo Lililo Kazini: Sanaa ya Jiko la Ukambani

Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi katika miji ya Wote, Mwingi au pembezoni mwa mji wa Kitui zina majiko mawili. La kwanza limo ndani ya nyumba kubwa: vigae sakafuni, sinki, mtungi wa gesi, kabati zilizopakwa rangi. La pili liko uani, hatua chache kutoka mlango wa nyuma. Limeezekwa mabati, kuta zake zimekolea masizi, na humo ndimo isyo, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, hutokota tangu asubuhi. Mwenye nyumba akiulizwa amelipambaje jiko lake, atakupeleka kwenye lile la ndani akuonyeshe rangi ya ukuta, pazia, na picha ya matunda aliyoinunua mjini. La uani hatalitaja. Huenda hata akaliombea radhi. Na humo ndimo sanaa ya Wakamba ilimo. Haionekani upesi kwa sababu iko kazini: imebeba unga, imehifadhi mbegu, inapoza maji, imekaliwa.

Tuanze na nyumba yenyewe. Gerhard Lindblom, msomi wa Uswidi aliyezuru Ukambani mwaka 1911 na 1912 akaandika mila za wenyeji, alikuta watu wakiishi katika nyumba za msonge ambazo paa zake za nyasi zilishuka hadi karibu na ardhi. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na ndani yake mafiga matatu. Wanaume walikuwa na moto wao nje, mahali paitwapo thome, ambapo wazee walikaa, wakala na kuwafunza vijana. Nyumba ya mama ilikuwa jiko, malazi na ghala kwa pamoja. Nyumba ya namna hiyo haina ukuta wa kutundikia picha, na ndani mna giza na moshi. Basi aliyetaka kitu kizuri alikitia uzuri chombo chenyewe, tena uzuri ambao kidole kinausoma bila taa: mchoro uliochimbwa, ukingo uliosukwa, mshono wa shanga.

Kibuyu, au kitete kama wenyewe wanavyokiita, kinalionyesha hilo kuliko chombo kingine chochote. Uchaguzi wake huanzia shambani, kingali kwenye mmea. Kinachoning'inia mtini hurefuka shingo. Kinacholala chini hutuna tumbo. Kikikomaa huachwa kikauke, hutobolewa mdomo, kisha hutiwa maji yakae siku kadhaa mpaka nyama ya ndani ioze. Hapo hutikiswa pamoja na changarawe hadi mbegu na uchafu vitoke, na kikiwa cha aina chungu huoshwa tena na tena. Ndipo mchoraji huchukua kisu au msumari uliopashwa moto akaweka pembetatu mfululizo, jua, kobe, mjusi, ndege, na siku hizi hata gari au jina la mwenye kibuyu. Mafuta na masizi husuguliwa kwenye mikwaruzo ili mchoro utoke mweusi juu ya ganda la rangi ya asali.

Kikipasuka hakitupwi. Matundu madogo hutobolewa kandokando ya ufa, uzi au waya mwembamba hupitishwa, na pengine shanga huongezwa juu yake. Mara nyingi mahali paliposhonwa ndipo panapopendeza zaidi, na kibuyu chenye mishono mingi humsifu mama mwenye nyumba: vitu havimpotei ovyo. Kila umbo lina kazi yake. Kilichopasuliwa katikati ni nzele, bakuli la uji. Chenye shingo ndefu ni cha kutekea, kikubwa ni cha asali au pombe. Vidogo hutunza kunde, mbaazi na ndengu zilizochanganywa na majivu, zikingoja nthwa, mvua fupi zinazoanza Oktoba. Juu ya moto, kwenye uchaga, hukaa mahindi ya mbegu yakipigwa moshi ili dumuzi wasiyasogelee. Mgeni huona masizi tu, lakini mkulima anajua kwamba hapo ndipo msimu ujao ulipohifadhiwa.

Plastiki iliposhika soko, vibuyu vingi viliachwa, na mbegu zake zikaanza kupotea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kina mama wa kikundi cha Kyanika, Kitui, walishirikiana na watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wa taasisi ya kimataifa inayoshughulikia urithi wa mimea. Walikusanya mbegu za vibuyu vya maumbo mbalimbali pamoja na maarifa yake: kipi ni cha maziwa, kipi hutunza nafaka, kipi ni kichungu. Wengine wangeviita mapambo ya kale. Kina mama wa Kyanika walivikusanya kama mbegu, kwa kuwa kibuyu kisichopandwa tena hakina wa kukichora.

Kando ya mlango, mbali na joto la mafiga, husimama mtungi wa maji. Kwa watu wa Kibwezi au Mutomo, ambako jua halina mzaha, mtungi ni friji isiyo na bili: maji hujipenyeza taratibu kwenye udongo, upepo huyakausha, na yaliyobaki ndani hupoa. Ufinyanzi Ukambani ni kazi ya wanawake, nao hujenga chungu kwa mkono. Kabla ya kukichoma, mfinyanzi hukitia alama yake: mistari michache, nukta, mkwaruzo wa namna fulani. Alama hiyo ni ndogo, na mnunuzi mgeni hudhani ni nakshi tu. Lakini chungu kikipendeza kwa kutopasuka motoni, jirani hukigeuza, akaitazama alama, akajua amtafute nani siku ya soko.

Halafu kiondo. Nyuzi zake zilitoka kwa mbuyu au mimea mingine ya porini, na baadaye katani. Msusi huzisokota kwa kiganja juu ya paja hadi ziwe kamba nyembamba. Kazi huanzia kitako: nyuzi chache hupishana katikati kisha duara hupanuka, nyuzi mpya zikiingizwa kila nafasi inapotokea, mpaka kiondo kisimame chenyewe. Mistari ya rangi hupangwa kichwani bila mchoro wa karatasi. Zamani rangi zilitokana na mizizi na magome; baadaye zikaja za dukani, na hata sufu ya sweta kuukuu iliyofumuliwa. Kina mama hukisuka wakienda sokoni, wakichunga mbuzi, wakiwa kwenye mkutano wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi. Katika shughuli za ndoa, baada ya mbuzi wa ntheo, wanaothibitisha ndoa kimila, kupelekwa kwa wakwe, utawaona wanawake wakiingia uani na viondo vilivyojaa unga, mahindi na kunde. Chakula kikiisha kumwagwa, kiondo husifiwa au hunyamaziwa, na msusi anajua maana ya kunyamaziwa.

Kuna pia kigoda. Cha mzee kilikuwa na miguu mitatu, na vilivyo bora vilichomekwa waya mwembamba juu ya kikalio, ukizungushwa kama nyuzi za buibui. Hicho hakikuwa cha kila mtu. Mpaka leo mtoto anayekikalia husikia susu, yaani nyanya yake, akimwambia, "Ondoka hapo, mwanangu, hicho ni cha umau," yaani cha babu. Vya jikoni ni vifupi zaidi, vimeng'arishwa na kukaliwa.

Ukuta wa kupambwa uliingia pamoja na nyumba ya pembe nne. Mwaka 1895 misheni ya Africa Inland ilifungua kituo chake cha kwanza Nzaui, Makueni ya leo, na kanisa na shule vikasambaza namna mpya ya kukaa: sebule, meza, kitambaa. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa 1952, kikafunza upishi, ushonaji na ufumaji. Hapo ndipo vilipotapakaa vitambaa vilivyodariziwa kwa aya za Biblia na maneno ya kuwakaribisha wageni, kalenda za shule na maduka zisizoondolewa hata mwaka ukiisha, na sufuria zilizosuguliwa kwa majivu mpaka zikawa kama vioo, zikapangwa kwa ukubwa zikimwangalia anayeingia. Haya nayo yamekuwa mila. Bibi aliyechangiwa sufuria na wenzake wa chama hazitundiki ukutani kwa kuwa amekosa kabati. Anazitundika zionekane, kwa sababu kila moja ina historia ya mwenzake aliyechanga.

Cha ajabu, sanaa iliyowapa Wakamba jina duniani haimo katika majiko yao. Mutisya Munge wa Wamunyu, upande wa Machakos, alirudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amejifunza uchongaji, na kutoka kwake ufundi ukaenea kijiji hadi kijiji. Mwaka 1963 wachongaji waliohamia Mombasa waliunda ushirika wao. Vijiko vya saladi vyenye vichwa vya twiga vilivyotoka mikononi mwao vinaning'inia katika majiko ya London na Chicago, wakati aliyevichonga anasongewa ugali kwa mwiko usio na nakshi. Hilo si unafiki. Twiga alichongwa kwa ajili ya soko la wageni, na mwiko unaosonga ugali wa watu kumi hauhitaji kichwa cha twiga.

Basi familia ya Makueni au Kitui inayotaka kulipamba jiko lake jipya ianzie wapi? Ianzie kwa kuuliza chombo kitafanya nini na kimetengenezwa na nani. Kiondo kilichotundikwa juu kabisa, ambako hakuna mkono unaokifikia, huvuta vumbi na mafuta ya kukaanga mpaka kikatupwa. Kikiwekwa karibu na meza kikabeba vitunguu na viazi, hudumu na huonekana kila siku. Kibuyu kisichotumika hukauka, hupasuka na kuliwa na wadudu. Chenye ndengu ndani kitafunguliwa, kitafutwa, kitapakwa mafuta. Mtungi ukiwekwa pembeni mwa jiko la vigae huwapa watoto maji baridi hata umeme ukikatika. Na picha ya ukutani, ikihitajika, basi iwe ya watu wa nyumba hiyo: umau na susu mbele ya boma lao, au mavuno ya mwaka wa mvua nzuri.

Vitu hivi bado vinauzwa siku za soko, Kalundu mjini Kitui, au Wote, na wanaoviuza mara nyingi ndio waliovitengeneza. Mnunuzi anaweza kuagiza rangi anazotaka, akauliza kibuyu ni kitamu au kichungu, akaonyeshwa alama ya mfinyanzi. Bei hujadiliwa, lakini ajadiliye akumbuke wiki za kusokota nyuzi. Kinachonunuliwa hivyo humpa msusi sababu ya kumfunza binti yake, na humpa mkulima sababu ya kupanda vibuyu tena kwenye ua. Picha ya matunda kutoka kiwandani haiwezi kufanya hivyo, hata iwe na fremu ya dhahabu.