Utoto katika mitaa ya wafanyakazi wa Mwanza baada ya Vita vya Kagera

Utoto katika mitaa ya wafanyakazi wa Mwanza baada ya Vita vya Kagera unahusu maisha ya watoto waliokulia Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mabatini, Nyakato na mitaa mingine ya mji wa Mwanza, Tanzania, kando ya Ziwa Viktoria, kuanzia mwaka 1979 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Wazazi wao walifanya kazi katika reli, bandari, viwanda vya nguo na mafuta, hospitali, shule na mashirika ya umma.

Historia ya miaka hiyo huelezwa zaidi kwa habari za bei, madeni ya nje na sera za serikali. Watoto hutajwa kidogo, ingawa ndio walioshika nafasi kwenye foleni, waliochota maji na waliouza maandazi ya mama zao. Walizaliwa wakati mshahara wa baba ulitarajiwa kulisha nyumba nzima. Walipofika darasa la saba, mshahara huo haukutosha tena hata wiki mbili.

Mitaa na wakazi wake

Mwanza ilikua kwa pamba, reli na ziwa. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, na tangu hapo marobota ya pamba ya Usukuma yalisafirishwa kwa treni hadi Dar es Salaam. Baada ya uhuru wa mwaka 1961, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, viwanda vilivyomilikiwa na umma vikawa tegemeo la ajira mjini. Miongoni mwake vilikuwa kiwanda cha nguo cha Mwatex kando ya barabara ya Musoma, kiwanda cha mafuta ya mbegu za pamba cha VOIL na kiwanda cha ngozi. Kwa sensa ya mwaka 1967 mji ulikuwa na watu karibu 35,000; kwa ile ya mwaka 1978 walizidi 110,000.

Baadhi ya wafanyakazi walipewa kota za reli au za mashirika yao. Walio wengi walipanga vyumba katika nyumba za Waswahili, yaani nyumba yenye ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na uani penye jiko na choo cha shimo. Mara nyingi familia moja ilikaa katika chumba kimoja au viwili. Wengine walijenga juu ya vilima vya mawe, ambako viwanja havikupimwa na kila ndoo ya maji ilipandishwa kichwani.

Uani mmoja uliweza kuwa na Wasukuma, Wakerewe, Wahaya, Wajita, Wakurya na Wajaluo. Wazazi walizungumza lugha zao chumbani, lakini watoto walicheza na kugombana kwa Kiswahili. Kwa wengi wao Kiswahili kikawa lugha ya kwanza, na lugha ya babu wakaielewa bila kuisema vizuri.

Nyegezi, iliyo kusini mwa mji kwenye barabara ya Shinyanga, ilikuwa bado nusu mji na nusu shamba. Palikuwa na seminari, chuo cha uvuvi, na chuo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1960, ambacho mwaka 1998 kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Watoto wa watumishi wa taasisi hizo waliishi jirani na mashamba ya mihogo na mahindi pamoja na mialo ya wavuvi. Wakati wa njaa, jambo hilo liliwapa nafuu ambayo wenzao wa Igogo au Mabatini hawakuwa nayo.

Vita na kufunga mikanda

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia eneo la Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Mwanza ikawa njia kuu ya vita: askari na silaha walifika kwa treni, kisha wakavuka ziwa kwa meli hadi Bukoba. Wafanyakazi waliokuwa mgambo waliitwa, na malori na mabasi yakachukuliwa kwa kazi ya jeshi. Mwezi Machi 1979 ndege ya Libya, nchi iliyomuunga mkono Amin, ilijaribu kuushambulia mji. Mabomu yalikosa shabaha na kuangukia kisiwa cha Saanane, karibu na ufuko wa mji, palipokuwa na hifadhi ya wanyama, yakaua swala kadhaa.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979 na mapigano yakaisha mwanzoni mwa Juni. Baadhi ya askari hawakurudi. Wengi wao wamezikwa katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba. Kwa waliorudi, na kwa watoto waliowapokea, shida nyingine ilikuwa inaanza.

Rais Julius Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ilipita, na hali ikazidi kuwa mbaya. Gharama za vita, ambazo hukadiriwa kuwa dola milioni 500, hazikuwa sababu pekee. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, bei ya mafuta ilipanda tena mwaka 1979, bei ya kahawa ilishuka, na miaka ya ukame ikafuata. Nchi ilikosa fedha za kigeni za kununua vipuri, dawa na mafuta ya magari. Viwanda vikaanza kufanya kazi chini ya uwezo wake.

Foleni na mgawo

Sukari, sabuni, unga, mafuta ya kupikia na khanga viliuzwa kwa mgawo katika maduka ya ushirika, yaliyoitwa pia maduka ya kaya. Majina ya kaya yalipitia kwa balozi wa nyumba kumi, aliyejua kila nyumba ina watu wangapi. Habari kwamba "sukari imeingia" zilisambaa mtaani kabla duka halijafunguliwa.

Baba alikuwa zamu kiwandani na mama alikuwa na mtoto mchanga au biashara yake, kwa hiyo mtoto alitumwa kushika nafasi. Jiwe au ndala iliweza kuwekwa kwenye foleni badala ya mtu, ila ilibidi awepo wa kuilinda. Mtoto wa miaka tisa au kumi alijifunza kuhesabu walio mbele yake, kukadiria kama magunia yatatosha, na kumtambua mtu anayeingilia kwa ujanja. Kurudi mikono mitupu kulimaanisha uji usio na sukari wiki nzima, au kununua kwa walanguzi kwa "bei ya kuruka", ambayo mshahara haukuimudu.

Unga wa mahindi ya njano ulioletwa kama msaada kutoka nje uliitwa "Yanga", kwa rangi ya jezi za klabu hiyo ya Dar es Salaam. Sabuni ilipokosekana, nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Viatu vilipoisha, watoto walivaa katambuga zilizokatwa kwenye matairi ya magari.

Mshahara na miradi

Mshahara uliendelea kulipwa, lakini uliweza kununua vitu vichache zaidi kila mwaka. Familia za wafanyakazi zikaanza "miradi", yaani shughuli ndogo za kuingiza fedha: kukaanga maandazi na vitumbua, kuuza dagaa, kufuga kuku, kushona, kulima bustani nje ya mji. Miradi mingi iliendeshwa na akina mama, na watoto ndio waliokuwa wauzaji. Kabla ya shule, sinia la maandazi lilipelekwa karibu na lango la kiwanda au kituo cha treni. Baada ya shule zilifuata karanga au ndizi.

Hali hiyo ilibadilisha mamlaka ndani ya nyumba. Baba aliyezoea kuleta kila kitu mwisho wa mwezi aliweza kujikuta anamwomba mkewe nauli. Watoto waliliona hilo hata kama halikusemwa.

Mwaka 1983 serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, ilianzisha msako dhidi ya wahujumu uchumi. Walengwa walikuwa walanguzi wakubwa, lakini hata nyumba zilizokuwa na mifuko michache ya sukari ya biashara ziliingiwa na hofu. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka huohuo ilimtaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika, na wachuuzi wa mitaani walikimbizwa. Hivyo mtoto mwenye sinia alijikuta akifanya kazi iliyolisha nyumba yao na wakati huohuo ikitazamwa kama kosa.

Shule

Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa mwaka 1973, na azimio lililopitishwa Musoma mwaka 1974 lilitaka watoto wote waandikishwe ifikapo 1977. Kwa hiyo karibu kila mtoto wa mitaa hii aliingia darasani, jambo ambalo wazazi wao wengi hawakulipata. Madarasa hayakutosha. Wanafunzi waligawanywa kwa zamu ya asubuhi na ya mchana, wengi walikaa chini, na kitabu kimoja kilisomwa na watoto kadhaa. Kila mmoja alikuja na kidumu cha maji, fagio au jembe, kwa kuwa elimu ya kujitegemea ilihitaji shamba la shule.

Walimu wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba na kufundishwa kazi huku wakifundisha. Mpango wao, uliojulikana kwa herufi UPE, ulifanyiwa mzaha kuwa ni "Ualimu Pasipo Elimu". Mzaha huo ulisahau kwamba walimu hao, kwa mshahara mdogo na chaki ya kugawana, ndio waliowafundisha watoto wengi wa kizazi hicho kusoma na kuandika.

Mlango mwembamba ulikuwa baada ya darasa la saba. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zenye nafasi chache zaidi za sekondari. Shule kama Nsumba, jirani na Nyegezi, na Bwiru zilichukua wanafunzi kutoka mikoa mbalimbali, hivyo mtoto aliyekulia karibu na uzio wake hakuwa na uhakika wa kuingia. Matokeo yalipotangazwa, darasa zima liliweza kukosa hata mmoja aliyechaguliwa.

Ziwa: chakula na ugonjwa

Ziwa lilikuwa jiko la akiba la mitaa hii. Mwanzoni mwa kipindi hiki watoto walivua furu kwa ndoano karibu na mawe. Samaki hao wadogo walikuwa sehemu kubwa kabisa ya samaki wote wa ziwa, na watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walikuwa wakiwachunguza katika Ghuba ya Mwanza tangu 1977, kwa kushirikiana na wataalamu wa uvuvi wa Nyegezi.

Katika miaka ya 1980 sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka ghafla. Inakadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 za furu zilitoweka au kukaribia kutoweka. Familia nyingi mwanzoni hazikumpenda sangara kwa sababu ya mafuta yake, lakini alikuwa mkubwa na wa bei nafuu, na kwa miaka kadhaa alishibisha wengi. Viwanda vya minofu vilipoanza kumsafirisha nje miaka ya 1990, bei ilipanda, na maskini wakabaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyokaangwa.

Ziwa hilohilo lilileta kichocho cha tumbo. Mayai ya vimelea hutoka na kinyesi cha mgonjwa na kuanguliwa majini; vimelea hukua ndani ya konokono, kisha hupenya ngozi ya anayeingia majini. Mtoto aliyetumwa kuchota maji, kufua au kuosha vyombo hakuwa na namna ya kuyakwepa. Dalili zake, kama maumivu ya tumbo na uchovu, zilidhaniwa mara nyingi kuwa uvivu.

Michezo na burudani

Wavulana walicheza chandimu kwa mpira wa matambara na kutengeneza magari ya waya. Wasichana walicheza rede na mdako. Wote walicheza kombolela jioni kati ya mawe. Redio ya jirani ilikuwa ya uani mzima, na kipindi cha watoto cha "Mama na Mwana" cha Redio Tanzania kilikusanya wasikilizaji mlangoni pake. Timu ya Pamba, iliyotokana na wafanyakazi wa zao hilo, ilikuwa fahari ya mji. Ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1990, wakati viwanda vyenyewe vilikuwa vikidhoofika.

Ulinganisho na Uingereza

Watoto wa mitaa ya wafanyakazi nchini Uingereza nao walikua kwa mgawo baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia; mgawo huo uliisha mwaka 1954 tu. Walijua foleni, vyumba vya kubanana na nguo za kurithishana. Tofauti kubwa ni mwelekeo wa huduma. Nchini Uingereza umri wa kumaliza shule ulipandishwa hadi miaka 15 mwaka 1947, huduma ya afya ya taifa ilianza mwaka 1948, na nyumba za halmashauri zilijengwa kwa wingi. Mwanza ilikuwa kinyume: shule za bure na Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, zilikuja kabla ya vita, na baada ya vita fedha za kuziendesha zikapungua. Mtoto wa Uingereza aliona maisha yakipanuka kadiri alivyokua. Mtoto wa Mwanza alisikia kaka zake wakisimulia shule iliyokuwa na madawati.

Mabadiliko na urithi

Kuanzia mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Sabuni, sukari na mitumba vilionekana tena madukani, na Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika madaraka Novemba 1985, akaitwa "Mzee Ruksa". Foleni zilikwisha, kikwazo kikawa fedha za kununulia. Karo za sekondari zilirudishwa katika miaka hiyohiyo.

Katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yalipunguza wafanyakazi, yakauzwa au kufungwa. Mwatex nayo ilisimama kabla ya kubinafsishwa. Vijana waliotarajia kuingia kiwandani kama baba zao waligeukia uvuvi, viwanda vya minofu, ufundi na umachinga. Biashara hawakuianza ukubwani: wengi walikuwa wameijua tangu walipobeba sinia la maandazi kabla kengele ya shule haijalia.