Mkungu Mmoja, Bei Mbili

Shuka kwenye gari la kibinafsi sokoni Nyamache, uulize bei ya mkungu wa ndizi kwa Kiswahili cha Nairobi. Kisha jirani wa muuzaji aje, amwamkie "Bwakire", aulizie mkungu uo huo kwa Ekegusii. Usishangae ukisikia bei mbili. Bei ni maelewano, na kabla hujafungua mdomo muuzaji ameshasoma gari, viatu, lugha na haraka yako. Mtu wa kwetu hupunguziwa, tena huongezewa ndizi mbili tatu.

Wengi hudhani basi mwenye pesa ndiye huumia. Hebu tupige hesabu. Kwa viwango vya M-Pesa vilivyoanza Julai 2023, ukitoa shilingi 200 kwa wakala unakatwa 29. Ukitoa 2,500, unakatwa 29 vilevile. Mama anayetoa 500 mara tano amekatwa 145. Jirani yake aliyetoa 2,500 mara moja amekatwa 29. Pesa ni zile zile, tofauti ni shilingi 116. Hapo hakuna aliyeangaliwa sura, ni udogo wa mfuko tu. Ndivyo ilivyo pia kwa mafuta na sukari ya kadogo. Sisi wa huduma za malipo tumo kwenye hesabu hiyo, ndiyo maana tunaisema wazi.

Ufanyeje?

Uliza bei kabla ya kutoa simu, na usikilize aliyekutangulia analipa ngapi. Salio lako ni siri yako. Usilifungue mbele ya muuzaji.

Ukiambiwa "tuma na ya kutoa", uliza kama kuna Till. Ukilipia bidhaa kwa Till ya Lipa na M-Pesa, wewe mnunuzi hukatwi kitu.

Kama kipato chako ni cha kila siku, usikimbilie kwa wakala kila jioni. Iache kwenye simu, ulipe dukani moja kwa moja, utoe mara moja tu pesa taslimu zikihitajika kweli. Majirani watatu wakichanga, wanaweza kununua kwa jumla na kugawana.

Na wewe muuzaji, andika bei kwenye kibao. Mgeni akigundua ulimpiga bei leo, kesho atapita kibanda chako kama hakioni.