Mafuta ya Siku Moja

Kyela kuna michikichi na kuna mawese, kwa hiyo nyinyi watoto wa Itungi si wageni wa habari za mafuta. Mmeona yakikamuliwa, mmeona yakipimwa chupa kwa chupa sokoni, na mnajua kichupa kimoja kinatosha nini na hakitoshi nini. Ndiyo maana hadithi hii nataka kuwasimulia nyinyi kabla ya mtoto wa mjini anayebonyeza swichi ukutani.

Zamani, zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, nchi ya Wayahudi ilikuwa chini ya mfalme Antioko Epifane, aliyetawala kutoka Antiokia huko Shamu. Mfalme huyu akapiga marufuku dini yao. Katika Hekalu la Yerusalemu pakawekwa madhabahu ya kumtolea sadaka Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki. Hapo akainuka Yuda Makabayo na ndugu zake. Wakapigana vita vya porini, wakatokea huku na kupotelea kule, hadi wakalikomboa Hekalu. Walipotaka kuwasha taa, wakaona mafuta yote yametiwa unajisi. Wakatafuta kila pembe. Wakapata kichupa kimoja tu chenye muhuri wa kuhani mkuu, mafuta ya siku moja. Wakawasha. Taa ikawaka siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya nane, mpaka mafuta mapya yakawa tayari.

Basi kila mwaka, mwezi Novemba au Desemba, Wayahudi duniani kote huwasha taa siku nane. Sikukuu hiyo ni Hanuka. Na nyinyi mnaosali kwa Wamoravian au kwa Walutheri mmeshakutana nayo bila kuitambua: fungueni Injili ya Yohana, sura ya 10, mtaikuta inaitwa Sikukuu ya Kutabaruku, wakati wa baridi.

Tamu, sivyo? Sasa tukae nayo tuikague.

Anayetaka kujua tukio lilikuwaje huanza kwa kuuliza: nani alisimulia, na alikuwa karibu nalo kiasi gani? Tuanze na aliye karibu zaidi. Yupo mwandishi mmoja aliyeandika yapata mwaka 100 kabla ya Kristo, kama miaka sitini baada ya Hekalu kukombolewa Desemba 164. Kitabu chake ni Wamakabayo wa Kwanza. Kwenye Biblia ya rafiki yako Mkatoliki kimo. Kwenye yako huenda hakimo. Huyu bwana alikuwa mpenzi mkubwa wa akina Yuda. Anaeleza mawe ya madhabahu yaliyochafuliwa yalivyoondolewa, madhabahu mapya yalivyojengwa, mapazia yalivyotundikwa, taa zilivyowashwa, watu walivyofurahi siku nane. Mafuta ya ajabu hayataji kabisa. Msifiaji wa namna hiyo angepata muujiza angeuacha?

Haya, pengine aliusahau. Twende kwenye Wamakabayo wa Pili, kitabu cha mtu mwingine mwenye mtindo wake, tena mpenda miujiza: kwake wapanda farasi wa mbinguni si kitu kigeni. Yeye anatoa sababu ya zile siku nane. Anasema wapiganaji walipokuwa wamejificha milimani na mapangoni, Sikukuu ya Vibanda iliwapita, na hiyo desturi yake ni siku nane. Walipoingia Hekaluni wakaifanya kwa kuchelewa. Hesabu ya siku nane imepata maelezo yake, na tone la mafuta halijamwagika.

Wa tatu ni Josephus, Myahudi wa ukoo wa makuhani aliyeandika historia ya watu wake akiwa Roma, mwishoni mwa karne ya kwanza baada ya Kristo. Yeye anaiita sikukuu hiyo Taa. Kwa nini Taa? Anakisia tu: nadhani, asema, ni kwa sababu uhuru ulituangazia wakati hatukuutarajia. Mtu aliyesoma sana, aliyejinasibu na ukoo wa hao hao Wamakabayo, anaulizwa sababu ya taa naye anabahatisha!

Kichupa chenye muhuri kinakuja kuonekana kwenye Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilika karibu mwaka 500 baada ya Kristo. Kutoka kwenye tukio hadi hapo ni zaidi ya miaka 600. Mkitaka kuuonja urefu huo, hesabuni miaka 600 kurudi nyuma kuanzia leo: mtafika wakati ambao Vasco da Gama, aliyetia nanga Mombasa mwaka 1498, bado hajazaliwa.

Nasikia mmoja wenu anauliza: Babu, kwa hiyo walidanganya?

Polepole, mjukuu wangu. Kwanza tuwatazame akina Makabayo wenyewe, maana hapo ndipo penye nyama.

Vita vilianza katika kijiji cha Modini. Afisa wa mfalme alikuja kuwataka watu watoe sadaka ya kigeni. Akajitokeza mwanakijiji mmoja, Myahudi, kutii amri. Mzee Matathia, baba yake Yuda, akamchinja pale pale juu ya madhabahu, kisha akamuua na afisa. Angalieni aliyekufa kwanza ni nani. Si askari wa mfalme, ni jirani. Wamakabayo wa Kwanza, kitabu hicho hicho kinachowasifu, kinaeleza kwamba walizunguka nchi wakiwatahiri kwa nguvu watoto waliokutwa hawajatahiriwa. Mwaka 1937 mwanahistoria Elias Bickerman alitoa kitabu akidai kwamba hata ile amri ya kupiga marufuku dini ilichochewa na Wayahudi wenyewe, kundi la kuhani mkuu Menelao, waliotaka mambo ya Kigiriki. Si wote waliokubaliana naye. Lakini tangu hapo ni vigumu kuvisimulia vita hivi kana kwamba upande mmoja ulikuwa Wayahudi watupu na mwingine wageni watupu. Ndugu waligombana na ndugu, juu ya namna ya kuishi.

Na walioshinda wakawaje? Wakawa watawala. Ukoo ule ule ukashika ukuhani mkuu, baadaye ukajivika na ufalme. Mmoja wao, Alexander Jannaeus, aliyetawala kuanzia mwaka 103 hadi 76 kabla ya Kristo, aliwasulubisha watu wake 800 waliompinga. Josephus ndiye anayetueleza. Mengine aliyoyafanya siku hiyo mtayasoma mkiwa wakubwa. Mwaka 63 kabla ya Kristo wajukuu wa wakombozi wakawa wanagombea kiti, Waroma wakaingia Yerusalemu, na uhuru ukaishia hapo.

Sasa jiwekeni mahali pa marabi. Hekalu limechomwa na Waroma mwaka 70 baada ya Kristo. Uasi mwingine, wa miaka ya 132 hadi 135, umezimwa kwa damu nyingi. Nyumbani mna sikukuu inayosherehekea kuishinda dola kwa upanga, na mashujaa wake ni ukoo ambao wajukuu zake waliwatesa watu. Je, mtaifuta? Watu wanaipenda, taa zinawaka kila nyumba. Wanahistoria wengi wanaona kwamba hapo ndipo kichupa kilipopata kazi. Upanga ukawekwa kando, taa ikabaki, na sifa zikatoka kwa Yuda zikaenda kwa Mungu. Hatuna karatasi ya kuthibitisha nia yao, ila mpangilio wa tarehe unaelekea huko. Mimi siuiti huo uongo. Walikuta sikukuu yenye sababu iliyochacha, wakaipatia nyingine.

Msicheke, maana na sisi tuna moto wetu.

Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walikaa huku kwetu Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, wakiwasikiliza wazee na kuandika. Walisimuliwa kwamba ukoo wa machifu ulitoka Ukinga, kwenye milima ile mnayoiona mashariki ya ziwa, ukaja na ng'ombe na ukaja na moto. Waliokuwako hapa, hadithi inasema, walikuwa wakila vyakula vibichi. Tena halikuwa jambo la maneno matupu. Katika sherehe ya ubusoka, wazee walipowakabidhi vijana nchi, moto wa zamani ulizimwa nyumba zote na mpya ukapekechwa kwa vijiti, kisha ukagawiwa. Kila mtu aliyepika jioni ile alipika kwa moto uliotoka kwa wakubwa.

Je, kweli hapakuwa na moto? Nendeni soko la Lyulilo, karibu na Matema, siku Wakisi wa Ikombe wanaposhusha vyungu vyao kutoka kwenye mitumbwi. Shikeni kimoja, kigongeni kwa kidole, msikilize kinavyolia. Kinalia hivyo kwa sababu kimechomwa. Udongo usiopita motoni hurudi kuwa tope. Upande wa pili wa mto Songwe, huko kaskazini ya Malawi, wanaakiolojia wamefukua vigae vya vyungu vyenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Penye kigae palikuwa na jiko. Kwa hiyo moto ulikuwako muda mrefu sana kabla ya chifu yeyote kushuka kutoka Ukinga.

Moto wa machifu uliwapandisha watawala: ukiwa umepika kwa moto wa malafyale, yaani chifu, utamwulizaje kwa nini anatawala? Kichupa cha marabi kilifanya kinyume. Kiliwashusha watawala na kuwaacha nje ya sikukuu waliyoianzisha wenyewe. Kati ya hadithi hizo mbili, mimi naipenda zaidi ya kichupa, ingawa zote mbili nisingeziapia mahakamani.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Mwandishi Christopher Hitchens, mtu asiyeamini Mungu, aliandika mwaka 2007 kwamba Hanuka inasherehekea washamba wa dini kuishinda elimu ya Wagiriki. Alikuwa na kalamu kali, na habari ya Modini inampa nguvu. Lakini alipitiliza. Antioko hakuja na shule, alikuja na askari, na kina mama waliotahiri watoto wao waliuawa. Huwezi kumkosoa Matathia ukamsamehe huyo.

Nao Wayahudi wa karibu nasi? Wako Uganda, upande wa Mbale: Abayudaya, waliofuata dini hiyo na kiongozi wao Semei Kakungulu tangu mwaka 1919. Idi Amin aliwapiga marufuku, nao wakasali kwa kujificha. Kampala ya Amin ilitekwa na majeshi yetu ya Tanzania pamoja na Waganda tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo ndipo Pasaka ya Kiyahudi ilipoanza mwaka ule. Kuhusu kule kutoka Misri kunakosimuliwa katika Pasaka, wanaakiolojia wametafuta jangwani Sinai wasipate alama ya umati wa Waisraeli. Habari hii ya Kampala ina mashahidi, na baadhi yao wanaishi huku kwetu. Kama una babu aliyekwenda vita vya Kagera, mwulize alikuwa wapi jioni ile, ukae na daftari, uandike anachokwambia na tarehe uliyoambiwa, kabla wajomba hawajaja kumsaidia kukumbuka.